Daktari Elimringi na Sindano Iliyongoja Mtori

Daktari Elimringi Mrema anastaafu tarehe 31 Agosti 1984, baada ya miaka ishirini na miwili ya kututumikia na kutuchosha. Kamati ya sherehe imeniomba mimi, muuguzi wa wodi yake, niandike maneno matamu. Nitajitahidi.

Alikuja mwaka 1962 akitokea Tarakea, akaanzisha kliniki ya kisukari, na tangu hapo wimbo wake ni mmoja: chembe nyeupe za damu. Ni askari, husema, lakini hawali vizuri mpaka mwili uwatumie ujumbe, na insulini ni mmoja wa wajumbe hao. Ujumbe usipofika, sukari hujaa kwenye damu na askari hulegea, kidonda kikaoza. Somo hili alilitoa hata kwenye foleni ya duka la ushirika, wakati sisi nyuma yake hatukuwa na sukari hata ya kutia kwenye chai. Jamani, mtu huyu.

Mwaka juzi alilazwa Martha, mjane mwenye shamba la kahawa huko juu mlimani, ana kisukari na kidonda cha mguu kilichogoma kupona. Mguu ulipangwa kukatwa Ijumaa. Sukari yake ilipanda na kushuka ovyo, tukailaumu dawa. Kumbe mawifi zake walikuwa wakimwingizia mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, kwa siri chini ya kitenge, maana kwetu mgonjwa asiyeletewa mtori huonekana ametupwa.

Sisi tulitaka mawifi wafukuzwe. Yeye akakataa, akaomba upasuaji uahirishwe, akaagiza sindano ya insulini iende na mtori: ukichelewa, nayo ingoje. Nani wa kungoja? Mimi. Nilishinda getini nikichungulia barabara ya Njoro, wanakopitia mawifi, kama nasubiri mchumba. Nilikasirika na nikamwambia. Akanijibu kwamba askari wa Martha hawaijui saa yangu ya chai.

Wiki zikapita, nyama mpya ikaota, kidonda kikafunga. Martha alitoka wodini kwa miguu yake miwili. Tulipokuwa tunampungia mkono, daktari alikuwa ananigombeza kwa kuchelewesha sindano ya kitanda cha jirani.

Daktari, kwa niaba ya wote uliowasumbua, asante sana. Tunakutakia ustaafu wenye utulivu, nasi tuupate pia. Martha anaomba radhi kwa kutofika leo. Yuko mteremkoni, anachuma kahawa.