Jicho la Nduku Sokoni Ikutha

Siku ya soko pale Ikutha, benchi la Awo muuza kahawa hujaa kabla mbuzi hawajafika. Asubuhi hiyo Nyamai aliketi katikati, simu mkononi, kahawa yake haijaguswa. Ilikuwa siku ya nne tangu mkewe Nduku apasuliwe kifua huko Nairobi na kutolewa uvimbe wa tezi, ule uliokuwa ukichochea ugonjwa wake wa misuli kulegea. Daktari aliahidi kupiga simu mara tu Nduku atakapopumua bila mashine. Mpaka sasa kimya. Wenzake walikuja kumliwaza, na kila mmoja alikuja na maelezo yake.

— Atatoka vizuri, alisema Kusow, mnunuzi wa mbuzi waliyemwita Mizani kwa sababu hukadiria kilo kwa macho. — Nduku ni mwepesi. Mtu mwepesi anapona haraka.

— Wewe nyamaza! alisema Muli wa kuziba matairi, yaani Pancha. — Mama wa watu kope inamwangukia, wewe unasema amekukonyeza, amekubali bei!

Benchi zima likacheka, hata Nyamai. Ilikuwa kweli. Sokoni Ikutha, muuzaji akifumba jicho moja, biashara imekwisha. Na kwa miezi mitatu jicho la kushoto la Nduku lilijifumba lenyewe kila alasiri. Mbuzi wake walienda kwa bei ya kuku.

— Mimi nilidhani ameokoka, Kusow alijitetea. — Nikasema, huyu mama ana huruma siku hizi.

— Kwani daktari alisemaje? Awo aliuliza, akimimina.

— Mwanzo alikataa kumpasua, alisema Nyamai. — Alitaka dawa zimpe nguvu kwanza, ameze vizuri, apumue vizuri. La sivyo kifua kingeshindwa baadaye. Tena uvimbe ulikuwa haujashika mishipa. Waliutoa wote.

— Hapo sawa, alisema Pancha. — Hata mimi sibandiki kiraka kwa tyubu yenye maji.

— Wacheni hizo! Kusow alisema. — Siri ni kitanda. Kichwa kikielekea Ikutha, pumzi inajua njia ya nyumbani.

— Na kikielekea Mombasa? Pancha aliuliza.

— Ataamka akitaka samaki.

Simu ikalia. Nyamai alibonyeza spika, wote wasikie.

— Baba Mumbua? Ni mimi. Daktari amenipa simu yake.

Alikuwa Nduku mwenyewe, amekwaruzwa koo na mpira wa mashine. Alisema ameondolewa mashine alfajiri. Alisema amekunywa chai, akaimeza yote. Alisema vidonge ataendelea navyo kwa miezi, na jicho litachukua muda wake. Nyamai alisikiliza akihesabu sentensi. Zamani, kufikia sentensi ya tatu, sauti hiyo ingeingia puani na kuzimika. Sasa ilikuwa ya saba, ya nane, na bado inakuja.

— Na leo si soko? Mbuzi wangu wako na nani?

Nyamai alimtazama Pancha. Pancha alimtazama Kusow. Kusow alitazama ndani ya kikombe.

— Baba Mumbua! Si nimekuuliza?

Sauti haikufifia hata kidogo. Nyamai alicheka mpaka machozi yakamtoka, akainuka kuwatafuta mbuzi ambao hakuna aliyewakumbuka.