Haradali ya Mchungaji Besi

Jumamosi asubuhi, nje ya duka la hadiwea lililofungwa pale Riruta, Idarus alikuwa na birika lake la kahawa chungu na benchi la miguu mitatu na tofali moja. Waliolikalia hawakuwahi kukosa jibu la jambo lolote duniani. Ndiyo maana Syokau aliwaletea wasiwasi wake, umeandikwa kwenye daftari, kwa nambari.

Susu wake, yaani nyanyake, hakuwa akipata usingizi tangu amzike kitinda mimba wake, Makau. Syokau, ambaye chuo kikuu kilimwachia digrii moja na Ubudha, aliijua dawa. Lakini Susu ni mzee wa kanisa. Basi Syokau akamwandikia Mwangangi mafundisho ya Budha amsomee Susu kwenye simu, akijifanya mchungaji. Mwangangi, soja wa geti huko Lavington, aliitwa Besi kwa uzito wa sauti. Akatanguliza "Bwana asifiwe." Susu akasikiliza, akalala fofofo.

— Sasa shida iko wapi? akauliza Muli, karani wa mahakama aliyejiita Wakili.

— Ile ya haradali. Mama aliyefiwa na mtoto aliambiwa alete haradali kutoka nyumba isiyowahi kufiwa. Akazunguka kijiji kizima, akarudi mikono mitupu. Susu anataka kuwasomea akina mama kesho kanisani. Anautafuta mstari kwa Biblia tangu Jumatatu.

— Haradali si iko kwa Injili?

— Iko. Si hii.

— Mwambie ukweli, mwanangu, akasema Idarus.

— Idarus, wewe chemsha kahawa, akasema Wakili. Sista, sema iko kwa tafsiri mpya, bado haijachapishwa. Wahenga walisema, heri kufa macho kuliko kufa moyo.

— Hiyo inaingiaje hapo?

— Macho ya Susu ni mabovu ama si mabovu?

Syokau akaandika: tafsiri mpya.

— Ama sema mchungaji amehamishwa Lodwar. Huko hakuna netwaki.

— Atamtumia barua.

— Basi amekufa.

— Susu hakosi matanga. Atataka kuuona mwili.

— Besi hulala vizuri sana kazini. Sasa atalala kwa sanduku.

— Mimi sifi! Besi akanguruma kutoka mwisho wa benchi, hata kuku wa ng'ambo ya barabara wakatawanyika.

Ng'ambo hiyohiyo, mama mmoja mzee aliyekuwa akitoka kusaga unga akasimama. Akavuka barabara, Kitabu kwapani.

— Hiyo sauti naijua. Bwana asifiwe, mchungaji.

— A... asifiwe, mama.

— Nimesoma Agano lote mara mbili, akasema Susu, akikifungua Kitabu. Ni sura gani, mtumishi?

Besi akamtazama Wakili. Wakili akatazama kikombe. Idarus akainamisha birika. Halikutoa hata tone.

— Haya, tuseme sura imepotea. Huyo mama aliyefiwa anaitwa nani? Namwombea kila siku bila jina.

Jina lilikuwa daftarini mwa Syokau, nambari moja, limepigiwa mstari mara mbili.

— Gotami, Susu, akasema Syokau.

Susu akafunga Kitabu. Akaketi benchini, akasogea, nafasi ikapatikana.

— Mchungaji hajui, wewe unajua. Keti hapa.