Kitambaa cha Pilipili cha Pyo Gil-su

Mchungaji Tak, wazee wa kanisa, majirani wa Dolmae, na ninyi mliotoka mbali wenye masikio yaliyovimba kama mandu, vile vitumbua vya nyama, ambao sina haja ya kuwauliza mlimfahamu wapi mdogo wangu, mimi naitwa Pyo Ok-rye, dada mkubwa wa marehemu, na familia imenipa kazi ya kusoma historia yake kwa sababu nilimjua tangu siku yake ya kwanza, na kwa sababu, kama mwanawe alivyosema jana, hakuna aliyethubutu kuniomba nisisome.

Pyo Gil-su alizaliwa tarehe 9 Machi 1957 katika nyumba ileile iliyo juu ya kisima hapa Dolmae, wilaya ya Jangheung, akiwa mtoto wa tatu na wa kwanza wa kiume wa mzee Pyo Chang-ho, aliyetutoka mwaka 1979, na mama yetu Wi Sun-nae, aliyelala mwaka 2012. Alikuwa mtoto mzito, mpole, asiyependa kelele, na kama kuna mtu hapa anayesema aliona dalili za ubingwa tangu utotoni, basi huyo anatafuta bakuli la pili la supu.

Alisoma shule ya msingi ya hapa kijijini kuanzia mwaka 1964, kisha shule ya kati ya wilaya, na mwezi Machi 1973 akaenda sekondari mjini Gwangju, ambako alijiunga na mieleka, si kwa kuupenda mchezo, bali kwa sababu wanamieleka walipewa mayai mawili ya kuchemsha baada ya mazoezi. Aliporudi likizo ya kwanza, Mama alimshika sikio la kushoto lililokuwa limeanza kuvimba, akamuuliza, "Umegombana na nani?" naye akajibu, "Na kila mtu, Mama, lakini baadaye tunapeana mikono." Mama akasema basi kama ni hivyo sawa, akamwongezea wali, na hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yao yote kuhusu mieleka kwa miaka mingi iliyofuata.

Mwaka 1978 aliitwa timu ya taifa, uzito wa kilo 62, akaishi kambini hadi mwaka 1984, akiamka kabla ya jua na kupanda mlima akiwa amembeba mwenzake mgongoni, jambo ambalo taifa halikulijua wala halikuuliza. Mimi nilikwenda Seoul mwaka 1981 kumtazama katika fainali ya ubingwa wa nchi, ukumbi mkubwa ajabu, na watazamaji tulikuwa mimi, mke wa mwamuzi, na mzee mmoja aliyeingia kukwepa mvua, naye akaondoka ilipokatika. Gil-su alishinda siku ile, akatuinamia sote wawili kwa heshima kana kwamba tumejaa hadi mlangoni.

Magazeti ya kwetu yana mazoea ya kuita mchezo wa namna hii mchezo mtiifu, kama mtoto mtiifu anayemletea mzazi wake zawadi, nami nimezeeka nikijiuliza ni mzazi wa aina gani huyo anayemkumbuka mwanawe siku ya fainali tu, tena kwa kumnyooshea mkono. Lakini ndivyo ilivyokuwa tarehe 25 Septemba 1983, Gil-su alipofika fainali ya ubingwa wa dunia, katika mji wa ng'ambo ambao hakupenda utajwe mbele yake, na leo nitamheshimu nisiutaje. Ghafla nchi nzima ikawa inajua mieleka, kinyozi anajua, mwuza samaki anajua, na wote walijua kwamba dhahabu ni yetu.

Mwenyekiti wa kijiji wakati ule, marehemu Ma Jong-tae, alikwenda mbali zaidi, kwani mchoraji wa mabango alikuwa akija sokoni siku ya gulio tu, na gulio liliangukia kabla ya fainali, basi akanunua pamba nyeupe mita kumi, akaamuru iandikwe kwa rangi nyeusi ya mafuta, "Medali ya Dhahabu, Pyo Gil-su wa Dolmae, Fahari ya Taifa," ikafungwa juu ya barabara ya kuingilia kijijini. Mama alimwuliza, "Mwenyekiti, kwani wameshacheza?" naye akamjibu, "Mama Gil-su, wewe pika tu, mambo ya taifa tuachie sisi." Nguruwe akachinjwa, tukajaa mbele ya runinga ya mwenyekiti, Gil-su akaongoza hadi sekunde za mwisho kabisa, kisha akageuzwa mgongo, akashindwa kwa pointi moja, na yule nguruwe tukamla kimyakimya.

Pale uwanja wa ndege vipaza sauti vilikuwa vingi kuliko watu wote waliowahi kumtazama akifanya mazoezi, na mdogo wangu, akiwa na medali ya fedha shingoni, mtu wa pili katika dunia nzima, aliinamisha kichwa akasema, "Ndugu wananchi, naomba radhi, nimekosa." Aliposhuka basi hapa njiapanda aliwakuta vijana wawili waliotumwa kukiondoa kile kitambaa kabla hajafika, nao walikuwa wamechelewa, wamekamata ncha mbili wanahangaika na upepo, basi akaweka begi chini akawaambia, "Nipeni huku niwashikie," akakikunja pamoja nao, neno kwa neno, akakileta nyumbani kwapani na kumkabidhi Mama.

Tangu siku ile alipewa pole. Mwenye bucha alimpa pole kila alipomkatia nyama, "Pole, mwanamieleka, ilibaki kidogo tu," kinyozi alimpa pole, na baba mkwe wake, siku ya kupeleka posa kule Boseong, alimwuliza, "Fedha tumeiona, sasa dhahabu inakuja lini?" hadi binti mwenyewe, Noh Mi-hyang, akamkata kauli, "Baba, unaozesha binti au unauza pete?" Walifunga ndoa tarehe 18 Oktoba 1986, wakajaliwa watoto wawili, Han-sol mwaka 1988 na Dam mwaka 1991, na wifi yangu huyu aliyeketi hapa mbele hakuwahi hata mara moja kumpa mumewe pole, jambo ambalo mimi nampenda kwalo mpaka kufa.

Lakini kulikuwa na pole moja iliyomkaa Gil-su rohoni kuliko zote, nayo ilitoka, au alidhani ilitoka, hapa nyumbani. Sikukuu ya mavuno ya mwaka 1984 alipoingia uani alikuta Mama ametandaza kile kitambaa chini, maandishi juu, na pilipili zetu zote zimeanikwa juu yake zikikauka, neno dhahabu likimtazama usoni katikati ya pilipili. Alikula, akalala, akaondoka, na kwa miaka ishirini iliyofuata mtoto wa kwanza wa kiume wa nyumba hii hakukanyaga hapa siku ya mavuno. Kuanzia Machi 1987 alikuwa kocha wa shule ya wilaya, mwendo wa dakika ishirini kwa basi, na kila mwaka alikuwa na sababu, mara mashindano, mara mwanafunzi mgonjwa, akaja mwaka mpya tu, wakati wa theluji, pilipili zikiwa zimeshasagwa. Mama aliweka bakuli lake mezani kila sikukuu, na kila sikukuu aliliondoa likiwa safi.

Kazi yake ya ukocha ilidumu miaka thelathini na moja, ndani ya ghala la zamani la mpunga lenye mkeka mmoja, na sheria yake ilikuwa moja: mwanafunzi akishindwa, anamwinamia mpinzani, anamwinamia mwamuzi, anakwenda kula. Kuomba radhi kwa taifa kulikatazwa. Mwaka 2005, mwezi Agosti, mwanafunzi wake Gu Bo-ram, ambaye yuko pale nyuma na asijifiche, alifika fainali ya vijana wa Asia iliyofanyika hapa nchini, na tena nchi ikajaa wajuzi wa mieleka kwa siku moja. Bo-ram alishindwa. Vipaza sauti vikamfuata, mwandishi mmoja akamwuliza, "Una lipi la kuwaambia wananchi waliokutegemea?" naye mtoto, huku machozi yakimtoka, akaanza, "Ndugu wananchi, naomba..." ndipo mkono wa Gil-su ukaonekana kwenye runinga, ukachukua kile kipaza sauti bila haraka.

Alisema hivi, na ninayasoma kama yalivyo kwa sababu wengi mnayajua kwa kichwa: "Huyu bado anahema, mtajibiwa na mimi. Taifa linalomtegemea huyu mtoto sijawahi kuliona. Tunafanya mazoezi kila Jumanne saa kumi jioni, kwenye ghala la mpunga, Jangheung. Mwambieni taifa lije, lije na soksi safi. Likishakuja, ndipo tutazungumza nani amwombe nani radhi." Akarudisha kipaza sauti, akainama, wakaenda kula.

Wengine walikasirika, wakasema kocha amekosa adabu, na mkuu wa shule hakulala vizuri juma lile. Lakini Jumanne iliyofuata taifa lilifika, likatosha kwenye basi dogo moja, wenye maduka kadhaa, mwalimu mstaafu, yule mwenye bucha, na nyuma yao wote, nikiwa nimemshika mkono, mama yetu, mwenye umri wa miaka sabini na minane, ambaye hakuwahi kumwona mwanawe kwenye mkeka. Alivua viatu, akaketi ukingoni, akatazama saa mbili nzima, akauliza maswali kwa sauti, "Huyo aliyelaliwa, anapumua kweli?" na, "Sasa kwa nini wanakumbatiana kama wanagombana?" na mazoezi yalipoisha akafungua furushi lake, akawagawia watoto viazi vitamu.

Kisha akamwita Gil-su, akamwambia kwamba pilipili za mwaka huu ni nyingi na mgongo wake umechoka, aje sikukuu amsaidie kuanika. Gil-su akasema, mbele yangu, maneno aliyokuwa ameyameza miaka ishirini na moja, "Mama, nitakuja, lakini kile kitambaa ukigeuze. Najua nilikutia aibu, ila ukigeuze, nisiisome dhahabu kila nikiinama." Mama alimkodolea macho. Akasema, "Aibu gani? Mimi nikigeuze, maandishi yaende chini? Jina lako limo pale. Jina la mwanangu nililaze matopeni?" Gil-su, mtu ambaye dunia nzima ilimwangusha mara chache sana, alikaa chini kwenye mkeka wake mwenyewe akalia kwa sauti, na Mama akaendelea kumsema kwa uchungu, "Miaka yote hii nawafukuza kuku wasilikanyage, nawe unasema aibu. Ulirudi na mikono miwili na miguu miwili, mimi nilitaka nini zaidi?"

Tangu mavuno yale hakukosa hata mara moja. Alianika mwenyewe, maandishi juu, na Mama alipolala mwaka 2012 tuliendelea kuanika, mimi na yeye, tukibishana zipi zimekauka na zipi bado.

Alistaafu Februari 2018. Mwezi Oktoba 2023 alianza kuumwa tumbo, akagunduliwa kuwa na saratani ya kongosho, akaivumilia bila kelele kama alivyozaliwa, na tarehe 11 Februari 2025, siku ya Jumanne, saa kumi kasoro kidogo alasiri, akiwa na mkewe, watoto wake na mimi, akapumzika, ukiwa umebaki mwezi mmoja atimize miaka sitini na minane. Familia inamshukuru Daktari Maeng na wauguzi waliomwita kocha hadi mwisho, majirani mliopika tangu juzi, walimu wenzake, na wanafunzi wake mliobeba jeneza kwa wingi kiasi kwamba wenye kazi hiyo wamekosa la kufanya.

Limebaki jambo la kitambaa chekundu cha kufunika jeneza, kile kinachoandikwa jina na cheo cha marehemu, kwani juzi na jana mmeshauriana sana cheo kiwe kipi, wengine mkitaka mshindi wa fedha, wengine mwalimu, na mgeni wetu mmoja, kwa nia njema, akapendekeza fahari ya taifa. Wapendwa, yeye mwenyewe alishaamua mwezi Desemba. Aliniuliza, "Dada, kile cha Mama bado kipo?" nikamjibu kipo, ila si cheupe tena, pilipili za miaka arobaini zimekifanya chekundu chenyewe, akacheka mpaka akashika tumbo, akasema, "Basi hamna haja ya kununua kingine." Nami nilikipeleka hospitali alikolazwa, yeye mwenyewe akanionyesha kwa kidole pa kupitisha mkasi.

Kipande cha mwisho, chenye Fahari ya Taifa, amempa Bo-ram akitandike kule ghalani, ili taifa likija Jumanne lipate pa kukalia. Kipande cha kwanza, chenye dhahabu, ameniachia mimi nianikie pilipili, na supu nyekundu inayowasubiri nje imetiwa pilipili hizohizo, kwa hiyo kuleni bila kuona haya, na mtu asimpe wifi yangu pole ya mwaka 1983. Kipande cha katikati, kisicho na cheo chochote, ndicho hicho mnachokiona juu ya jeneza: Pyo Gil-su wa Dolmae.

Mdogo wangu, udongo hatuwezi kuuzuia, lakini nimehakikisha mwenyewe asubuhi hii, maandishi yako juu. Pumzika kwa amani.