Mama Mfuko na Kibao cha Hati za Watoto

Ndugu, majirani na marafiki mlioacha shughuli zenu kuja kuketi nasi, familia inaomba mpokee safari ya maisha ya mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina moja tu, Mama Mfuko.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957, mtoto wa tatu kati ya saba, baba yake akiwa mchonga mawe na mama yake mkulima, na bibi yake aliyempokea alizoea kusema kwamba kichanga huyo alikuja duniani amekunja ngumi kana kwamba ameshika amana ya mtu. Alianza shule ya msingi Januari 1965 akafika darasa la saba mwaka 1971, akiwa hodari wa kusoma kwa sauti, ila mtihani wa mwisho hakuufanya, kwa sababu hakuwa na cheti cha kuzaliwa wala mtu wa kumfuatilia, akarudi nyumbani, sare ikiwa bado nzima mwilini.

Mwaka 1972 alikwenda kuishi kwa shangazi yake, fundi cherehani, ambaye hakumwuliza cheti wala swali, alimvutia kigoda tu akamwambia, "Kaa, mwanangu, ushike mkasi." Hapo ndipo alipojifunza kushona sare za shule, kazi aliyoifanya mpaka mikono ilipomwishia nguvu, na kila sare iliyotoka kwake ilikuwa na pindo pana la kufumuliwa mtoto anapokua, ili mzazi asinunue nyingine mwakani, na mfuko ulioshonwa mara mbili, kwa maana alisema mtoto naye ni mtu, lazima awe na pa kuweka chake. Jina la Mama Mfuko lilianzia hapo.

Tarehe 6 Desemba 1980 alifunga ndoa na fundi seremala, baba yetu aliyeketi pale mbele, aliyekuja dukani kwa shangazi kuzibiwa tundu la suruali, akarudi wiki iliyofuata na tundu jipya, na ya tatu vilevile, hadi shangazi akamwambia, "Baba, sema shida yako, suruali haina kosa." Mungu aliwajalia watoto wanne, wa kike wawili na wa kiume wawili, na wajukuu tisa, wote wakiwa wamepita chini ya meza yake ya kukatia vitambaa, na wakwe zake hakuwaita wakwe, alisema ameongezewa watoto bila uchungu wa kuzaa.

Mwanzoni mwa mwaka 2016, vijana watano wa mtaani walikuwa wakikutana barazani kwake kwa sababu hawakuwa na pengine, wakizungumza habari za haki za watoto, na kiongozi wao alikuwa binti wa miaka kumi na minane aliyeitwa Kipaza kwa ukubwa wa sauti yake. Marehemu alishona huku akiwasikiliza, mpaka siku moja akawafungulia chumba cha nyuma, akaanza kushona vikapu vya kuuza kwa vipande vya vitambaa vilivyobaki, na kila alichopata kwa vikapu hivyo akakitia katika mfuko wa aproni yake, akawaambia huo ndio mfuko wao, wakue nao. Baba yetu akachonga kibao, akakiandika mwenyewe na kukitundika barazani, ila badala ya HAKI ZA WATOTO akaandika HATI ZA WATOTO, na mpaka leo anashikilia kwamba kosa lilikuwa la brashi.

Jumatatu tarehe 7 Machi 2016, vijana walipofika wamejiandaa kwa mchezo wa kuigiza, walikuta kina mama waliosoma kibao wamejaa barazani na watoto wao mgongoni na mikononi, wakiomba wasaidiwe kupata vyeti vya kuzaliwa. Kipaza aliona haya, akataka kibao kishushwe kabla jua halijapanda, lakini marehemu aliweka mkasi chini, na kwa mara ya kwanza akasimulia mbele za watu jinsi alivyorudishwa nyumbani mwaka 1971, kisha akasema, "Watu wameshaitika, mwanangu, sasa wewe unataka kubadili mwito?" Kibao hakikushushwa, chini yake pakaongezwa tu maneno NA HAKI ZAO, na kutokana na kazi hiyo mamia ya watoto wamefanya mitihani yao.

Shirika moja lilipojitokeza kuwasaidia vijana hao kwa ruzuku, lilitaka mtu mzima kama marehemu ndiye aongoze na kutia sahihi, na hapo marehemu alikuwa na la kupoteza, kwa sababu ule mfuko wa aproni ulikuwa umeelemewa na gharama, lakini alikataa akisema hawezi kuvaa nguo iliyokatwa kwa kipimo cha mwingine. Vijana walikwenda kujieleza wenyewe wakakataliwa, wakarudi wameinamisha vichwa, akawapa chai, akawaambia nguo hufumuliwa na kushonwa upya, na mwaka uliofuata walikwenda tena, yeye akiwa ameketi nyuma kabisa akishikiza vifungo, wakakubaliwa kwa majina yao.

Februari 2021 aligundulika kuwa na ugonjwa wa figo, akaubeba bila kulalamika, akiwauliza wauguzi habari za watoto wao kabla hawajamwuliza habari za mwili wake. Hofu yake ilikuwa moja, kwamba akiondoka mlango wa kile chumba utafungwa, na mwezi uliopita aliomba aletewe aproni yake kitandani, akafumua ule mfuko uzi kwa uzi, akamkabidhi Kipaza, akasema, "Mimi nilikuwa mfuko tu, wenye kitu ni nyinyi." Alituaga alfajiri ya Alhamisi tarehe 9 Mei 2024, mkono wake ukiwa katika mkono wa baba yetu.

Familia inawashukuru madaktari, na hasa yule muuguzi aliyemgeuzia mto kila alipopita hata zamu yake ilipokwisha, majirani mliotuchotea maji bila kuombwa, mafundi wenzake mliomalizia sare zilizobaki mezani, na nyinyi vijana.

Leo asubuhi, kabla ya kuja hapa, Kipaza na wenzake walifungua mlango kama kawaida, wakawahudumia kina mama waliokuwa barazani, kwa sababu marehemu aliacha neno kwamba msiba wake usimrudishe mtoto wa mtu nyumbani, na ule mfuko wameushonea nyuma ya kibao, mara mbili.

Mama Mfuko, mlango uko wazi. Pumzika kwa amani.