Telesfori Anaondoka, Njia ya Kinga Inabaki

Ndugu Telesfori Kapele, Msaidizi wa Mipango wa halmashauri yetu, anastaafu tarehe 30 Juni 1998 baada ya kuitumikia Mpanda miaka ishirini na minne. Kazi ya kuandika habari zake alipewa kijana wa Utumishi. Nimemwambia hapana. Yeye anamjua Telesfori kwa faili, mimi namjua kwa baiskeli. Mimi ni Manyanda, tarishi wa zamani na sasa mlinzi wa geti, na katika ofisi hii hakuna aliyeona mambo kunizidi. Shule yangu ilikuwa fupi, lakini kijana amekubali kupiga chapa kama nilivyoandika, asiguse neno.

Telesfori alikuja mwaka 1974 kutoka kwao Kate, kwa Wafipa, na sanduku la bati na baiskeli nyeusi ya Phoenix. Wakubwa walikwenda kwa Landrova. Yeye na mimi tulipanga vyumba Kasokola, kwa hiyo asubuhi tulitoka pamoja kwa baiskeli kwenda mjini na jioni tukarudi pamoja. Malori ya tumbaku na ya magogo hayakuwa na adabu barabara ile. Ukisikia honi unaingia majanini wewe na mzigo wako. Siku moja Telesfori aliingia ofisini na matope mpaka kwenye nyusi, akaketi, akavuta karatasi akaanza kazi. Wote waliinamia karatasi zao kwa heshima. Mimi nilicheka mpaka nikashika ukuta.

Tangu siku hiyo, kila makisio ya mwaka yakiandaliwa, yeye alitia ombi la njia ya baiskeli pembeni ya barabara, na kila mwaka lilikatwa. Waliuliza, "Baiskeli haina injini, barabara ya peke yake ya nini?" Wakampa jina la Bwana Pedeli. Hakugombana na mtu. Ila mchana alianza kula mihogo yake peke yake nyuma ya stoo, na hakutaka mtu amfuate. Mimi nilimfuata. Sikualikwa, lakini mihogo ilikuwa mizuri.

Mwaka 1994 tulikwenda kwenye mkutano wa wananchi Kasokola. Akasimama mama Donatille, mmoja wa ndugu zetu waliotoka Burundi. Mume wake, Arcade, lori lilikuwa limemsukumia mtaroni na mguu haukupona, kwa hiyo mama ndiye aliyepeleka mihogo sokoni kwa baiskeli. Alisema, "Nyie wa halmashauri mna njia ya gari. Sisi tupeni njia ya ikinga." Ikinga kwa Kirundi ni baiskeli. Halafu akamnyooshea Telesfori kidole: "Wewe mzee, ukifika huko sema neno langu. Usiligeuze."

Telesfori akaahidi, na yeye akiahidi ameahidi. Kwenye baraza la madiwani alisimama akasema wananchi wa Kasokola wanaomba njia ya kinga. Ulimi wake wa Kifipa ulidondosha ile i ya mbele. Bwana Misitu akaruka kama amechomwa: "Safi kabisa! Kinga ya moto! Kila kiangazi pori la kule linaungua, mheshimiwa mwenyekiti, tufyeke ukanda moto usivuke, hii iingie fungu la misitu." Madiwani wakapiga meza. Telesfori akafungua mdomo arekebishe. Mimi nilikuwa napita na birika la chai, nimevaa buti la jeshi, nikamkanyaga mguu. Nikamkanyaga vizuri. Akafunga mdomo, akakaa. Nasema wazi, njia ile ina baba wawili, na mmoja ni mimi.

Ikafyekwa kutoka Kasokola hadi mjini, ikasawazishwa, na mama Donatille alikuwa wa kwanza kupita na magunia yake, anaimba. Fundi alitaka iwe nyembamba, baiskeli moja itoshe. Telesfori alikataa, akasema lazima zitoshe mbili. Fundi akaelezwa kuwa ni kwa ajili ya kupishana. Tukiwa njiani aliniambia ukweli: "Mtu akiwa nyuma yako huwezi kuongea naye." Baada ya kumzika mke wake, Lidia, nyumbani kwake hapakuwa na wa kuongea naye. Maongezi yake yote ya siku yalikuwa kwenye njia ile, jioni, upande wa kushoto. Mimi nilikuwa kulia.

Mvua za Elnino zilipokuja ziliila njia. Jumamosi moja nilimkuta peke yake na koleo, anajaza makorongo, suruali ameikunja. Nikamwambia, wewe ni ofisa, utajidhalilisha. Akajibu bila kuinua kichwa, "Chukua koleo au nenda zako, Manyanda." Nikachukua.

Halafu mwaka huu, kwenye makisio, akaja Bwana Misitu mpya. Akauliza swali ambalo hakuna aliyeuliza kabla: kwa nini kinga ya moto imefyekwa pembeni ya barabara, wakati barabara yenyewe ni kinga? Akataka ifutwe. Nilitafuta birika, siku hiyo chai haikuwepo. Telesfori akasimama mwenyewe akasema, "Hiyo ni njia ya baiskeli, mheshimiwa." Mwenyekiti akauliza, "Kwa hiyo miaka yote hii tulikuwa tunahudumia baiskeli?" "Ndiyo, mheshimiwa." "Na moto?" "Moto nao haukupita." Diwani mmoja akaanza kucheka, wakafuata wote, lakini safari hii hawakumcheka yeye. Mikono ikanyooshwa. Imeandikwa kwa jina lake halisi, Njia ya Baiskeli, Kasokola hadi Mjini, na matengenezo yake yanaanza na mwaka mpya wa fedha, Julai mosi. Yeye anaondoka Juni thelathini. Nimewaomba wampe siku moja zaidi. Wamesema sheria hairuhusu. Nimewaambia sheria hiyo haijawahi kupanda baiskeli.

Ndugu Telesfori, unarudi Kate. Halmashauri inakushukuru, mama Donatille na Arcade wanakushukuru, na sisi wa Kasokola tunakushukuru kuliko wote. Usiwe na wasiwasi, vikao vyote nitahudhuria, buti bado ninalo. Jioni nitarudi kwa njia yetu, na nitaendesha kulia kama siku zote. Kushoto nitapaacha wazi. Vijana wakitaka kunipita, wapite majanini.

Nenda salama, mwenzangu. Mungu akupe afya na uzee mtulivu, mnyororo usikukatikie mahali pasipo na fundi, na huko kwenu upate mtu wa kwenda naye sambamba.