Jiwe Moja la Bluu

Benchi letu limeegemea ukuta wa kinyozi. Miguu mitatu ya mbao, wa nne wa chuma, kauchomelea mwanangu wa pili, huyu wanayemwita Cheche. Mwenye birika la kahawa ni mimi, kwa hiyo kila ugomvi unapita kwangu kwanza, wa mtaani na wa nyumbani. Wa nyumbani ndio huu: kaka yake Cheche, dereva wa lori, kajenga nyumba, geti akampa fundi mwingine. Mdogo mtu yupo, mashine ya kuchomelea anayo! Miezi tisa sasa hawasemezani. Wahenga wanasema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime. Nimelima mpaka jembe limebaki mpini. Kilichowabakisha pamoja ni mchezo wa simu walioanza zamani, ngome zao zimepakana, wako kundi moja. Hata humo hawasemi kitu, ila wapo. Sasa Cheche kapata jiwe la bluu. Jiwe moja, unamzidishia shujaa mmoja ujuzi mmoja, basi. Na mazimwi yanaingia saa kumi. Ngome ikianguka, kundi linamtoa. Akitoka kule, na kaka ndiyo kwaheri.

Cheche: Zimebaki dakika ishirini. Semeni. Jitu, Mpiga Upinde, au Mganga?

Wembe, ndiye kinyozi: Jitu! Liongezee ngao. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Sasa sisi tunataka nini? Si ukuta? Basi ufa uachwe!

Soli, mshona viatu: We Wembe unashika vichwa vya watu kutwa nzima, hata kimoja hakijakuambukiza akili. Mpe Mpiga Upinde, mwongezee mbio.

Wembe: Haraka haraka haina baraka.

Soli: Na zimwi lenye mshale puani lina baraka gani? Tena mbio ziongezwe kwa ngome yenyewe. Mazimwi yakifika, hola, imehama!

Cheche: Soli, ngome ni mawe.

Soli: Na hii ndala ilikuwa tairi. Leo inapanda ngazi.

Wembe: Haya, nimebadili. Jiwe apewe Mganga, ayatibu mazimwi.

Cheche: Mazimwi?

Wembe: Unadhani yanakula watu kwa nini? Jino linayauma! Mtu mwenye jino hana utu, muulize mke wangu. Yatibiwe, yakalale kwao. Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Sasa litakujuaje hujawahi hata kuliambia pole?

Soli: Na ukishaliambia pole, linyoe.

Wembe: Likitulia kwenye kiti, nalinyoa.

Cheche hakucheka. Kidole kinaelea juu ya jiwe, hakishuki.

Mimi: Cheche, baba, kahawa inapoa.

Cheche: Mama, nikitolewa kwenye kundi...

Mimi: Najua. Kunywa.

Hapo akavuka barabara yule dada fundi cherehani, kahamia wiki hii, kikombe chake mkononi.

Fundi cherehani: Shikamoo, bibi.

Mimi: Marahaba, mwanangu. Karibu, ukae upande huu, huo unabana.

Nikammiminia. Akakaa karibu na Cheche, akachungulia simu kama anayechungulia mshono wa mwenzake.

Fundi cherehani: Samahani, kaka. Bendera zako si ni za kijani? Mbona askari wengi hapa ukutani kwako wana nyekundu?

Cheche: Walikuja tu. Mchezo umenipa bure, nadhani.

Fundi cherehani: Na hii ngome ya jirani, yenye bendera nyekundu, mbona haina askari hata mmoja? Wake wako wapi?

Soli sindano ikamgandia kwenye kiatu. Mimi herufi sizijui, lakini picha nazisoma: ngome ile ilikuwa na picha ya lori mlangoni. Milango wazi, kwake kumebaki kuku tu wa kwenye mchezo. Watu wake wote walikuwa wamepanga mstari kwa mdogo wake.

Zimebaki dakika nane. Nikajua sasa ataweka jiwe. Hakuweka. Akapiga simu, akaiweka sauti kubwa.

Cheche: Kaka.

Kule tukasikia lori linazimwa.

Cheche: Kaka, warudishe askari wako. Mazimwi yatakuvunjia ngome.

Kaka mtu: Warudi wapi? Jiwe umeweka?

Cheche: Bado.

Kaka mtu: Bado! Saa hizi? Mpe Mganga!

Cheche: Mganga wa nini, ngao huioni ilivyochoka?

Kaka mtu: Ngao utaila? Tangu utoto hushauriki wewe!

Cheche: Nani hashauriki? Mimi au wewe?

Wakapanda sauti, mpaka wapita njia wakageuka. Wembe akainuka kuwasuluhisha. Nikamshika shati, nikamkalisha.

Mimi: Tulia wewe. Unajua nimeungoja tangu lini ugomvi huu?