Marlys Tollefsrud, Mama Asiyeamini Kiti

Ijumaa hii, tarehe 28 Machi, Marlys Tollefsrud anastaafu baada ya miaka ishirini na sita ya kukagua viti vya watoto vya gari katika kituo chetu cha zimamoto hapa St. Paul. Tangazo la ukutani linasema anakwenda kuvua samaki. Niliposomewa tangazo hilo nilicheka kwa pua. Marlys hali samaki, na ziwa analiogopa hata likiwa limeganda. Nikajua kuna jambo, nikaanza kumchunguza. Kazi ya kumchunguza Marlys naijua. Ndiyo iliyoniingiza kituoni hapa.

Mjukuu wangu Pahoua alipozaliwa, mkwe wangu Gaoly alisema kiti cha mtoto lazima kikaguliwe. Kiti tulikuwa nacho, kizuri, tumepewa na binamu wa mwanangu baada ya gari lake kugonga kulungu. Mtoto nilikuwa nimemfunga kwenye mbeleko ya Kihmong, kabila letu, niliyoitarizi mwenyewe maua juu hadi chini, ili pepo wakimtazama waone bustani, wasimwone mtoto. Mikanda ya kiti ikapita juu ya mbeleko.

Marlys alipiga goti kwenye theluji, akakishika kiti, akakitikisa kama anayemwamsha mlevi. Kisha yakaja maswali. Kiti mmekipata wapi? Kimewahi kuwa kwenye ajali? Mtoto anaitwa nani? Sisi wakimbizi, watu wanaouliza polepole huku wanaandika tunawajua. Nikamwambia Gaoly kwa lugha yetu, "Usimjibu. Leo anauliza kiti, kesho atamtaka mtoto."

"Mama, nyamaza basi. Anaangalia mkanda tu."

"Mkanda hauna jina. Mbona anaandika jina?"

Marlys akaitoa mbeleko, akasema mikanda ikae karibu na mwili. Kisha akakibeba kiti chetu hadi nyuma ya jengo, akatoa mkasi, akaikata mikanda yote, akakitumbukiza kwenye pipa kubwa la taka. Akarudi na kiti kipya, cha bure. Niambieni nyinyi: nani akuharibie chako, kisha akupe chake asitake kitu? Nilikotoka mimi, cha bure kina mwenyewe.

Nikakataza Pahoua asitolewe nyumbani bila mbeleko yake. Hata kliniki hakupelekwa, Gaoly akaninunia. Jumamosi iliyofuata nikarudi kituoni, nikasimama mlangoni kumtazama yule mwanamke. Na iliyofuata tena. Naye hakuwa mjinga. Alidhani naliwinda pipa. Siku moja akanijia, mkasi mkononi. Tukasemezana kwa Kiingereza changu cha kuokoteza.

"Bibi, unatafuta nini hapa?"

"Nakutafuta wewe. Kwa nini unakata vitu vizima?"

"Si vizima. Kiti kikishapata ajali kinaweza kuwa kimepasuka ndani, na nje kinang'aa. Nisipokata, atakuja mtu kama wewe akichukue."

"Mtu kama mimi ndiye nani?"

"Bibi anayependa wajukuu na asiyeweza kutupa kitu."

Hapo alinipata. Akaniuliza habari ya mbeleko, ambayo siku hiyo nilikuwa nimejitanda mabegani, nikamweleza mambo ya pepo. Hakucheka, na hilo likanitia shaka zaidi. Akachukua mwanasesere wake wa mafunzo, akamfunga mikanda kitini mpaka vidole visiweze kuifinya begani, ndipo akaitandaza mbeleko yangu juu yake.

"Mkanda ushike mwili," akasema. "Maua yakae juu. Hao pepo si wanatazama kwa juu?"

Nilifikiri sana. Ni kweli, pepo hutazama kwa juu. Kesho yake Pahoua alipelekwa kliniki. Nami, kwa kuwa sikuacha kwenda kusimama mlangoni, Marlys alinivisha kizibao cha kazi, akasema kama ni kusimama, nisimame nikisaidia. Tangu hapo mabibi wote wanaokuja na watoto waliovimba kwa majaketi ya baridi nawaambia neno lilelile: mkanda kwanza, joto baadaye.

Marlys hajawahi kupitisha kiti kwa maneno. Mchungaji mmoja alimwapia kuwa chake kimekaza. "Nakuamini, mchungaji," akajibu, "sasa shuka nikione." Mkuu wetu wa zimamoto naye alikataliwa na Marlys mbele ya vijana wake, akaambiwa kiti chake kingefaa kubebea maboga. Hata Marlys mwenyewe hajiamini. Sheria yake ni kwamba aliyefunga kiti hakipitishi. Lazima mkono mwingine ukitikise. Watu wamemwita mkorofi. Watoto wao wakubwa sasa, wanapita hapa na magari yao wenyewe kumsalimu.

Turudi kwenye samaki. Nikakumbuka kwamba tangu vuli ananiachia mimi mvuto wa mwisho wa mkanda. Ati anataka nizoee. Nizoee nini tena, baada ya miaka yote hii? Nikaona pia glavu hazivui hata ndani, karibu na jiko la kahawa. Nikazidi kuangalia.

Jumamosi iliyopita alikuja na gari lake. Amepata mjukuu wake wa kwanza, na kiti kilikuwa nyuma, amekifunga mwenyewe. "Kagua," akaniambia. Nikakishika pale mkanda unapopita, nikakitikisa.

Kikacheza.

Nilidhani nimekosea, nikatikisa tena. Kikacheza vilevile. Kiti cha Marlys. Nilipogeuka alikuwa amevua glavu. Viungo vya vidole vimevimba, havikunjiki.

"Daktari aliniambia tangu mwaka jana," akasema. "Nilitaka nijue kama mikono yangu bado inafaa kuaminiwa na mtoto wa mtu."

"Na samaki?"

"Samaki nimewatunga. Ningesemaje, Mai Nhia?"

Nilimwambia asogee. Nikaingiza goti kitini, nikakilalia kwa uzito wangu wote, nikavuta mkanda mpaka ukalia. Akaja yeye akatikisa. Hakikwenda popote. Akatikisa tena, akazunguka upande wa pili, akatikisa tena. Hakuniamini hata kidogo, na ndivyo alivyonifundisha.

Nimemwuliza kama niyaseme haya kwenye jarida hili la kituo. Akasema, "Yaseme. Pengine kuna mwingine humu anaficha vidole."

Marlys, asante kwa kila mtoto uliyemliza kwa kumbana mkanda akafika kwao mzima. Tunakuombea siku njema, na mwenye kukufungulia chupa awe karibu. Mbeleko niliyomtarizia mjukuu wako iko kwenye mfuko mwekundu karibu na keki ya kukuaga. Ikae juu ya mikanda. Nitakuja kuangalia.